Shimo Langu Uwanjani Indianapolis

Najua nimepotea kitambo, na najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya foleni za kazi kwenye seva. Itakuja. Leo niruhusuni nitoke nje ya mada. Mkinivumilia hadi mwisho mtaona kwamba sikwenda mbali sana.

Wiki iliyopita kijana mmoja tunayefanya naye kazi aligundua kuwa programu aliyoiandika, ile inayolinganisha malipo kila usiku, ilikuwa inaruka baadhi ya rekodi. Aligundua Jumatatu. Sisi wengine tulijua Ijumaa, baada ya mteja kupiga simu. Siku zote hizo nne kijana alikuwa akikesha akirekebisha rekodi kwa mkono, moja baada ya nyingine, akitumaini atapata kiini cha tatizo kabla mtu hajagutuka. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu akitazama meza: "Mkuu, nilidhani ningeimaliza kabla hamjajua."

Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia. Maneno yakaniishia. Jibu hilo nalifahamu, maana niliwahi kulitoa mimi mwenyewe Agosti 2018, nikiwa nimekaa kwenye nyasi za uwanja wa shule moja Pennsylvania, mguu umevimba na tuba imelala ubavuni kwangu.

Ngoja nianze mwanzo.

Hiki ni kitu gani?

Wengi wenu mkisikia bendi mnafikiria ile ya polisi siku ya Jamhuri, au ile ya shule ikisindikiza mgeni wa heshima. Chukueni hiyo, ondoeni filimbi na klarineti zote, bakisheni vyombo vya shaba, ngoma, marimba na watu wa bendera. Wawe vijana kama 150. Sasa wasitembee barabarani. Wawekeni kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani, watembee, wakimbie na warudi kinyumenyume kwa dakika kumi hivi, wakichora maumbo yanayobadilika kila baada ya sekunde chache, huku wakipiga muziki mgumu ambao wote wameuweka kichwani. Hakuna anayeshika karatasi.

Majaji hutoa alama kwa jumla ya 100: 40 za mvuto wa onyesho zima, 30 za yale yanayoonekana, 30 za muziki. Mara nyingi kikosi kimoja hukipita kingine kwa nusu alama tu, au hata chini ya hapo. Watu wazima huweza kulia kwa ajili ya alama 0.1. Nimewaona.

Mambo haya yalianza na wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaunda vikosi vya ngoma na tarumbeta katika vyama vyao kama American Legion. Baadaye yakawa ya vijana. Mwaka 1971 vikosi vyenyewe vilianzisha Drum Corps International, na ubingwa wa kwanza ukafanyika 1972 mjini Whitewater, Wisconsin. Mwaka 2009 fainali zilihamia Lucas Oil Stadium mjini Indianapolis, na huko ndiko kila kijana wa fani hii huota kufika mwezi wa Agosti.

Sasa mtu wa Vihiga alifikaje huko?

Mimi nimezaliwa katika nyumba ya Jeshi la Wokovu. Hilo kanisa liko Kenya tangu 1921, na kule kwetu magharibi huwezi kukulia ndani yake bila kupakana na tarumbeta. Jumapili asubuhi bendi hutembea barabarani kabla ya ibada, ngoma kubwa ikisikika hadi kwa wale ambao bado wamelala. Nikiwa darasa la 6 nilipewa tuba kwa sababu moja tu: nilikuwa mrefu. Hakuna aliyeniuliza kama naipenda. Nilijifunza kuipenda baadaye, kama watu wengi wanavyojifunza kuipenda kazi yao.

Mwaka 2015 nikapata ufadhili wa kusomea sayansi ya kompyuta Ohio. Mwaka wa pili, jamaa tuliyekaa naye chumba kimoja alinionyesha video ya kikosi kimoja. Niliitazama mara tatu usiku uleule, siku ambayo nilipaswa kuwa namalizia kazi ya hifadhidata. Niliposoma masharti nikakuta umri wa mwisho kushiriki wakati huo ulikuwa miaka 21. Nilikuwa na 20. Maana yake nilikuwa na msimu mmoja tu maishani, ule wa 2018. Hapakuwa na "mwakani".

Nilienda kwenye usaili Novemba 2017. Nikachukuliwa. Kikosi chenyewe sitakitaja, kwa sababu yaliyotokea yalikuwa kosa langu na sitaki yeyote aanze kukichunguza.

Tatizo lilikuwa pesa. Ada ya msimu ilizidi dola 4,000, na dola wakati huo ilikuwa kama shilingi 100. Fanyeni hesabu. Sehemu nililipa kutokana na kazi yangu ya maabara ya kompyuta chuoni. Mjomba akatoa sehemu. Iliyobaki, mama akaipeleka kanisani bila kuniambia. Walifanya harambee ndogo baada ya ibada, na usiku nikapokea ujumbe kwamba watu wamechanga shilingi 87,000 ili mtoto wao akapige tuba Marekani. Mzee mmoja anayeuza mkaa alitoa 500. Mama aliniandikia kila jina na kila kiasi. Nikaihifadhi orodha hiyo kwenye simu. Shikeni hapo, tutairudia.

Nukta

Hapa ndipo mwandika programu atafurahi.

Kila mtu uwanjani ana daftari dogo lililofungwa kwa kamba, linaning'inia shingoni au kiunoni. Ndani yake kuna nukta zako: mahali unapotakiwa kuwa katika kila picha ya onyesho. Nukta huandikwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni hatua ngapi kutoka mstari wa yadi fulani, kushoto au kulia. Ya pili ni hatua ngapi mbele au nyuma ya mstari mwingine wa uwanja. Hatua ya kawaida ni nane kwa kila yadi tano, yaani kama sentimita 57. Miguu yako hujifunza kipimo hicho hadi ukitembea dukani unajikuta unahesabu vigae.

Onyesho letu lilikuwa na picha zaidi ya 100. Kwa hiyo kila mtu ana zaidi ya nukta 100 za kwake peke yake, na hakuna mtu mwingine mwenye nukta hizo. Kati ya nukta moja na nyingine unapewa hesabu ya mapigo: fika pale kwa mapigo 12, kwa mfano, kwa hatua zilizo sawa. Ili hatua ziwe sawa lazima ujue pia utakuwa wapi ukiwa nusu ya njia. Wenzangu walikuwa wakizipiga hesabu hizo kwa penseli ndani ya basi. Mimi nikaandika programu fupi ya Python, mistari 40 hivi: unaingiza nukta mbili, inakupa katikati, robo, na ukubwa wa hatua. Baada ya siku tatu nusu ya wapiga tuba walikuwa wananiletea madaftari yao. Nikapewa jina la "Kompyuta". Ndiyo programu ya kwanza niliyoandika ambayo watu waliitumia bila kulazimishwa na mwalimu.

Jambo la pili ni sauti. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Uwanja una urefu wa yadi 100, karibu mita 91. Sauti ya aliye mwisho wa kushoto inamfikia wa mwisho wa kulia baada ya zaidi ya robo sekunde. Sasa muziki ukienda mapigo 180 kwa dakika, pigo moja ni theluthi ya sekunde. Yaani ukimfuata mwenzako wa upande ule kwa masikio, umechelewa karibu pigo zima. Ndiyo maana tunafundishwa kutoamini masikio ovyo: walio nyuma wafuate mikono ya kondakta kwa macho, walio mbele wasikilize yanayotoka nyuma yao kwa wapiga ngoma. Ukisimama katikati ya uwanja unasikia vurugu tupu. Jaji aliye juu anasikia kitu kimoja. Leo nikisoma kuhusu seva zilizotawanyika zinazogombana juu ya saa, huwa natabasamu. Nililijua tatizo hilo kwa miguu kabla sijalikuta kitabuni.

Yale yasiyoonekana jukwaani

Ukikaa kwenye viti unaona dakika kumi zinazong'aa. Huoni zile saa nyingine 23 na dakika 50.

Huoni kwamba tulilala sakafuni, kwenye kumbi za michezo za shule za sekondari, 150 pamoja, kila mtu na godoro lake la upepo ambalo lina tundu mahali. Huoni kwamba usiku mwingi hatukulala hapo bali ndani ya basi, kwa sababu onyesho likiisha tunakula, tunapakia, na mabasi yanaondoka saa sita usiku kwenda mji mwingine. Asubuhi hujui uko jimbo gani. Unajua tu kuna uwanja, kuna jua, na kuna metronomu kwenye spika inayogonga ko, ko, ko kutoka asubuhi hadi jioni. Nilirudi Kenya baada ya masomo na bado nikisikia fundi akigonga bati naanza kupanga miguu.

Huoni chupa za maji za karibu lita 4 ambazo kila mtu hubeba na kuzimaliza mara kadhaa kwa siku. Huoni mistari ya soksi miguuni: juu mweusi zaidi, chini mweusi kidogo. (Wazungu walishangaa kuona na mimi naungua. Jua la Texas halina ubaguzi.) Huoni mwalimu akisema "mara moja tu, kisha tupumzike". Maneno hayo hayajawahi kuwa kweli tangu vikosi vilipoanzishwa.

Na huoni trela la jikoni. Hilo nitalifikia.

Texas hadi Pennsylvania

Katikati ya Julai tulikuwa Texas, tukijiandaa kwa mashindano makubwa ya San Antonio. Asubuhi moja nikahisi maumivu kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Yalikuwa madogo, kama mtu anabonyeza kwa kidole. Tuba ya kubebwa begani ina uzito wa mtoto wa miaka mitatu au minne, na unarudi nayo kinyumenyume kwa ncha za vidole, kwa hiyo kuumwa miguu ni jambo la kila siku. Lakini maumivu haya hayakuisha usiku. Asubuhi yalikuwepo kabla yangu.

Kikosi kilikuwa na mtaalamu wa majeraha. Alikuwa na meza yake chini ya mti, na kila asubuhi alitangaza: ukiumwa, njoo mapema. Nilipita mbele ya meza ile kila siku. Nikinunua dawa za maumivu mimi mwenyewe, nikizimeza kwenye basi wakati wa giza.

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Sababu niliyojipa ilikuwa kwamba ni kitu kidogo. Sababu ya kweli ilikuwa orodha ile kwenye simu. Kila nilipofikiria kwenda mezani nilimwona mzee wa mkaa na shilingi zake 500. Nilijiambia: watu wa Vihiga hawakuchanga ili nikae kando nikitazama. Pia kulikuwa na kijana mpiga tuba wa akiba, hana nafasi uwanjani, anafanya mazoezi pembeni kila siku akisubiri mtu aumie. Kijana mzuri, mpole. Nilikuwa namwogopa kama unavyomwogopa mtu anayekodolea macho kiti chako.

Baada ya San Antonio tukaelekea Georgia. Huko mpiga baritoni mmoja akaugua akarudi nyumbani, na walimu wakampa yule kijana wa akiba nukta zake na chombo kipya ajifunze. Nakumbuka nilivyohisi: nilifurahi. Tishio limeondoka. Sikuwaza kwamba kilichoondoka kilikuwa akiba yangu mimi. Wenzangu wa seva mnanielewa: ni kama kusherehekea kwamba mashine ya akiba imepewa kazi nyingine, huku wewe peke yako unajua ile kuu inatoa moshi.

Mwanzoni mwa Agosti tukafika Pennsylvania kwa maonyesho ya Allentown. Siku moja kabla, kwenye mazoezi, tulikuwa tunarudia kipande kimoja: mapigo 16 kinyumenyume, hatua kubwa, halafu geuka kwa ghafla. Mara ya nne nilipogeuka, mguu ukakataa. Sikusikia mlio wowote. Nilijikuta chini tu. Nilifanikiwa kuiinua tuba isigonge ardhi, maana tumefundishwa chombo kwanza, mwili baadaye.

Mtaalamu alikuja mbio. Akaubonyeza mfupa kwa kidole gumba, mara moja, nikapiga ukelele. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia: tangu Texas. Akanyamaza kidogo. Akauliza kwa nini sikusema.

"Nilidhani ingeisha kabla hamjajua."

Hospitalini picha ilionyesha ufa kwenye mfupa. Daktari alinieleza bila ukali: mwanzoni huenda ilikuwa mfupa uliochoka tu, unaohitaji siku kadhaa za mapumziko. Ungepumzika Texas, pengine ungekuwa unatembea sasa. Nikatoka na kiatu kikubwa cha plastiki hadi gotini. Ilibaki wiki moja kufika Indianapolis.

Jikoni

Mtu asiyeweza kutembea uwanjani hupewa kazi. Mimi nikapelekwa kwenye trela la jikoni.

Lile trela ni jiko zima juu ya magurudumu. Linalisha watu zaidi ya 200, ukihesabu walimu na madereva, mara nne kwa siku: asubuhi, mchana, jioni, na baada ya onyesho. Wanaofanya kazi humo karibu wote ni watu wa kujitolea, wengi ni wazazi na wastaafu wanaotumia likizo yao kuvunja mayai. Wakishagawa chakula cha usiku wanaosha sufuria, wanafunga milango, na trela linaondoka. Linajitahidi kufika kabla ya mabasi, ili sisi tukishuka tumelala nusu tukute uji wa shayiri unachemka. Miezi miwili nilikuwa nimekula chakula hicho bila kujiuliza waliokipika walilala saa ngapi. Jibu ni kwamba walilala kidogo kuliko sisi.

Kiongozi wa jiko alikuwa mwalimu mstaafu, mama mkubwa mwenye sauti nzito. Alinipa kiti, kisu na gunia la vitunguu. Siku ya pili, bila kuinua macho, akaniambia alijua tangu Georgia kwamba mguu wangu ni mbaya. Nilishtuka. Alisema mtu anayepanga foleni ya chakula kila siku akianza kusubiri ameketi hadi foleni iishe, huyo ana miguu inayouma. Alidhani nimeshasema kwa wahusika. Halafu akaongeza kitu ambacho sijakisahau: kwamba jikoni humo, mtu akiunguza sufuria lazima apige kelele papo hapo. Ukipiga kelele mapema, tunapika nyingine. Ukificha, watu 200 wanakula chakula cha kuungua.

Usiku ule nikampigia mama simu. Kule kwetu kulikuwa kumekucha. Nilikuwa nimeandaa hotuba: nitarudisha pesa, nitafanya kazi, waambie kanisani nisameheni. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akaniita baba, kama anavyoniita akiwa na hasira na huruma kwa pamoja, kwa sababu nina jina la baba yake.

"Baba, wewe ulidhani tulichanga ili upige tuba? Tuba tunazo hapa. Tulichanga ili uende ukaone, urudi. Na urudi na miguu yote miwili."

Halafu akauliza kama nimekula.

Shimo

Walimu walijaribu kuziba nafasi yangu. Kwenye picha kadhaa waliwasogeza wenzangu nusu hatua huku na huku hadi pengo likapotea. Lakini kwa wiki moja huwezi kuandika upya nukta za watu 150, na kuna maumbo ambayo hayana ujanja: mstari wa tuba 16 wenye nafasi zilizopimwa, ukitoa mmoja ni kama jino lililong'oka. Kwa hiyo sehemu hizo waliacha shimo.

Nusu fainali ilikuwa Ijumaa, Agosti 10. Mama wa jikoni alinipatia tiketi, nikapanda juu kabisa Lucas Oil na magongo yangu. Kikosi chetu kikaingia. Watu waliokuwa karibu nami waliona onyesho. Mimi niliona shimo.

Nililijua kuliko mtu yeyote ulimwenguni. Nilijua litakuwa wapi kwa kila pigo. Lilianza upande wa kushoto, likaja mbele, likazunguka nyuma ya ngoma, likapanuka na kusinyaa. Nilikuwa nikihesabu kwa midomo na shimo lilikuwa likifika kwa wakati, kila mara, bila kukosea hata hatua moja. Kwenye ule mstari wa mwisho wa tuba lilisimama wazi mbele ya maelfu ya watu, nafasi ya mtu mmoja mrefu.

Baadaye rafiki yangu aliyekuwa akitembea kulia kwangu aliniambia kilichomsumbua zaidi. Mstari hunyooka kwa kila mtu kupima umbali wake na jirani. Yeye jirani yake alikuwa hewa. Kwa wiki nzima alifanya mazoezi ya kupima umbali kutoka kwa mtu asiyekuwepo. Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa ananieleza tu ugumu wa kiufundi. Afadhali angenitukana.

Hatukuingia 12 bora. Kwa kweli hata nikiwa mzima tusingeingia, kwa hiyo siwezi kudai kwamba niliwaangusha kwa alama. Jumamosi Santa Clara Vanguard walitwaa ubingwa. Sisi tulikuwa tumekaa juu tukipiga makofi hadi mikono ikauma.

Usiku wa mwisho, kwenye maegesho ya magari, kikosi kilisimama kwa nusu duara kama desturi ilivyo, kikapiga wimbo wetu wa mwisho bila kutembea popote. Mwalimu wa tuba alinijia na tuba yangu mkononi. Mtu akasukuma sanduku la barafu kutoka trela la jikoni, nikalikalia na kiatu changu cha plastiki nimekinyoosha mbele. Jirani yangu wa kulia akasimama nafasi yake, akanipima kwa jicho, akasogea kidogo kushoto. Tukapiga.

Basi, kijana wetu

Sikumkaripia. Nilimnunulia chai na kumsimulia haya, kwa ufupi zaidi kuliko nilivyowasimulia ninyi. Alicheka kwenye habari ya vigae vya dukani, akanyamaza kwenye habari ya jirani anayepima hewa.

Kisha nikamuuliza ni orodha gani aliyonayo kwenye simu. Hakuelewa kwanza. Nikamwambia: mtu hafichi hitilafu siku nne kwa sababu ya hitilafu yenyewe, kuna watu anaowaogopa kuwaangusha. Akachukua muda. Akaniambia ndiye wa kwanza kwao kuajiriwa, na analipia wadogo zake wawili karo.

Jumatatu tulibadilisha jambo moja tu kwenye timu. Mkutano wa asubuhi sasa unaanza na swali: nini kinauma? Wa kwanza kujibu ni mimi, kwa sababu ndiye mkubwa pale, na nikijifanya mzima wote watajifanya wazima. Siku ya kwanza nilikiri kwamba kuna kipande cha msimbo nilichoandika mwezi wa tatu ambacho hata mimi sikielewi na huomba kisiguswe. Siku ya pili watu wawili wakasema ya kwao. Moja ilikuwa kubwa. Tuliirekebisha kabla ya chakula cha mchana.

Mguu ulipona. Mvua ikikaribia huwa unanijulisha. Mzee wa mkaa nilimtembelea nilipokuja nyumbani Desemba ile, nikataka kumrudishia 500 zake. Alikataa, akataka nimpigie tuba. Nikampigia.

Haya, ninyi je? Mmewahi kuficha kitu kazini hadi kikawalipukia? Niandikieni hapo chini, hata bila jina. Foleni za kazi sehemu ya pili, wiki ijayo. Safari hii kweli.